Kabla ya Kumuua Papa Yako, Andika Barua

Tangu nipumzike kazi, vijana wananipandia hizi ngazi za udongo za Kadutu karibu kila wiki, dosie mukononi, viatu vimejaa matope. Wanakaa, wanakunywa chai yangu, halafu wanauliza swali moja: "Maman Nsimire, mutu anafanya namna gani juu apate kazi?" Ninawajibu ninavyoweza. Lakini hakuna hata mumoja wenu aliyewahi kuniuliza mutu anafanya namna gani juu akatae kazi. Najua munacheka. Kukataa kazi, hapa Bukavu, mahali ambapo mutu ana lisansi ya chuo kikuu na anauza vocha za simu chini ya mwavuli? Chekeni tu. Miye nilifanya miaka ishirini na sita katika biro ya watumishi ya shirika moja la misaada ambalo sitalitaja, na ninawaambia watu wanakataa kazi kila siku. Ila hawajui kukataa. Wanatoroka.

Kazi yangu ilikuwa kupokea dosie, kuita watu ku teste, kukaa ku interviu pembeni ya wakubwa nikiandika majibu, halafu kupiga simu. Zamani tulibandika majina kwenye ubao wa matangazo pale mulangoni, na watu walisukumana mpaka kioo kikavunjika, kikatengenezwa, kikavunjika tena. Baadaye ikaja email, baadaye WhatsApp. Njia zote zilibadilika na uongo ukabaki ule ule.

Kandida akipata kazi mahali pengine, hasemi "aksanti, ninajitoa." Anazima telefone. Au anamupa dada yake ajibu kwamba hamujui mutu huyo, na nyuma ya dada ninamusikia kandida mwenyewe akimunong'oneza maneno ya kusema. Mumoja aliniambia mvua imemufunga nyumbani. Nikamwambia, mutoto wangu, mvua hiyo iko juu ya biro pia na miye nimekuja. Mwingine alishikwa na malaria kila mara nilipotaja neno kontra, yaani mukataba wa kazi, na siku hiyo hiyo jioni nilimuona ku harusi akicheza mbele kabisa, jasho linamutoka, lakini si la homa. Na nyanya, maskini. Nyanya wa Kivu wanakufa sana wakati wa interviu. Kuna kijana aliyemuzika nyanya wake mara tatu kwa mwaka mumoja, na mara ya tatu nilimuuliza kama sasa wamefunga kaburi vizuri.

Musidhani ninawadharau. Najua mambo haya yanatoka wapi. Sisi hapa hatusemi hapana usoni pa mutu. Ukialikwa kula na umeshiba, unasema "nitakuja." Mukubwa akikuomba kitu usichokuwa nacho, unasema "tutaona." Tumelelewa hivyo, na mutaani haina shida, juu jirani hakupangii kiti. Biro inakupangia kiti. Inakupangia na meza, na inamuzuia mwenzako asikae pale.

Papa Mugisho, muzee aliyenifundisha kazi, alikuwa na koti moja la kahawia na maneno machache. Aliniambia: "Nsimire, mutu akikuletea hapana, umupe kiti akae. Ule anakuletea ndiyo, umuache asimame kwanza." Sikuelewa. Halafu siku moja nikamuona anafungua droo yake na kupigia simu binti mumoja aliyejitoa kwetu miaka miwili nyuma. Binti huyo alikuwa amepanda mulima kwa miguu, kikwembe kimelowa mpaka magotini, kuja kusema kwamba amepata kazi ya ualimu na hataki tumungoje. Papa Mugisho alikuwa ameliandika jina lake. Kazi ilipofunguka, hakubandika tangazo. Alimuita yeye.

Basi nilifundishwa vizuri. Na bado nilikosa, na nitawaeleza kosa langu lote.

Tulikuwa tunatafuta mutunza depo, hapa hapa mujini, wa kuangalia dawa na mablanketi. Wa kwanza ku interviu alikuwa kijana anayeitwa Bahati, mutoto wa Walungu, mupole, sauti ya chini, anayejibu kwa adabu mpaka unatamani akuolee binti yako. Wa pili alikuwa Zawadi, mujane mwenye watoto watatu, jirani yangu wa huku Kadutu. Zawadi alikuwa ametunza depo ya kampuni moja miaka mingi mpaka ikafunga milango. Bahati alimushinda kwa alama moja tu, na ukiniuliza miye, alama hiyo ilikuwa ya Kifaransa.

Sheria yetu ilikuwa ngumu: wa pili haambiwi kwamba ni wa pili. Anaambiwa angoje. Anaitwa tu kama wa kwanza ameleta barua ya kujitoa, yenye sahihi yake. Maneno ya mudomo hayahesabiki.

Nikampigia Bahati aje kutia sahihi kontra. Kumbe siku mbili nyuma alikuwa amepata kazi kwenye shirika lingine, yenye mushahara mukubwa kuliko wetu. Hilo si kosa, hata miye ningeenda. Alipaswa kusema maneno matano tu, ningemupongeza na mambo yangeisha. Badala yake alikohoa, kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini:

"Maman, sitaweza kufika. Papa yangu amekufa."

"Ee pole, mutoto yangu. Alifia wapi?"

"Kule kwetu, Walungu. Gafula."

Nilisikia uchungu wa kweli. Nilikwenda kwa shefu wetu, mutu wa huruma sana, huruma iliyozidi kichwa, na ni miye, Nsimire, si mwingine, niliyetoa wazo kwamba tumungojee kijana mpaka amalize kilio. Shefu akaitika, akaweka wiki mbili kwa maandishi. Hivyo Bahati akawa mutu wa kwanza katika shirika letu kupewa likizo ya kilio ya kazi ambayo hajaianza, hataki kuianza, na papa yake ni muzima.

Jumapili, baada ya misa, Zawadi akanipitia nyumbani. Hakukaa.

"Maman Nsimire, miye siombi upendeleo. Kuko muchuuzi mumoja ananitaka nikatunze depo yake kule Shabunda, ku bale bachimba dhahabu. Mwaka muzima. Lori inatoka siku ya ine, Alhamisi. Watoto wangebaki na mama yangu. Niambie tu: nikibaki, kuko kitu?"

Sasa nyinyi muniambie, mungefanya nini? Nilijua yeye ni wa pili. Nilijua pia kwamba wa kwanza yuko kwenye kilio, na sikuwaza hata kidogo kwamba hatakuja. Nikachunga sheria ya biro. Nikamwambia, "Ungoje kidogo."

"Kidogo ni siku ngapi?"

"Kidogo tu, Zawadi."

Aliniangalia, akanishukuru, akashuka. Nilikuwa nimemujibu vile Bahati alivyonijibu miye, lakini siku hiyo sikuliona.

Sasa kuna jambo moja ambalo Bahati alilisahau, na yeye amezaliwa hapa, hana sababu. Kwetu kifo si habari ya kusikia na kuiacha. Ukiambiwa kuna kilio, unakwenda. Biro nzima ilichangisha. Tulinunua mufuko wa sukari, muchele, na kikwembe cheusi cha mujane. Niliambiwa niandike hotuba ya rambirambi, nikaiandika vizuri, ukurasa muzima. Bahati aliposikia tunakuja akapiga simu mara tatu: musisumbuke, njia mubaya, mvua nyingi, daraja limelegea. Kadiri alivyotukataza, shefu alizidi kumusifu. "Munaona huyu kijana? Hata katika uchungu anatufikiria sisi."

Jumatano asubuhi tukapanda jeep: shefu, miye, na shofere wetu Papa Déo. Njia ilikuwa mubaya kweli, hapo Bahati hakudanganya. Tulipisha malori, tukangojea moja lililokwama, tukafika Walungu jua limeshapanda. Tukaanza kuuliza nyumba ya Muzee Cirhuza, papa ya Bahati, kule kwenye kilio.

"Kilio gani?" akauliza mama mumoja aliyebeba muhogo.

"Ya Muzee Cirhuza mwenyewe," akajibu Papa Déo.

Yule mama akatupa mizigo chini na kuanza kulia. "Jana tu tulisalimiana." Mwingine akasikia akatoka, wa tatu akatoka, na musisahau kwamba jeep nyeupe ikileta habari, watu wanaiamini kuliko redio. Kufika mwisho wa kijia, tulikuwa na waombolezaji karibu ishirini nyuma yetu, wanawake mbele, na mutu mumoja alikuwa ameanza wimbo wa kanisa.

Muzee Cirhuza alikuwa nyuma ya nyumba, anakata ndizi za kutengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Akasikia kelele, akaja na panga mukononi, akatuona wote.

"Nani amekufa?" akauliza.

Wimbo ukafa katikati. Shefu akaniangalia, nikaangalia viatu vyangu. Ni Papa Déo, askari wa zamani asiyeogopa kitu, aliyevua kofia na kusema:

"Muzee, banasema ni weye."

Muzee hakupiga kelele. Alifuta panga kwenye jani la mugomba, polepole, upande mumoja na upande wa pili, akaliegemeza ukutani, akaketi.

"Nani alibaambia?"

Haki ya Mungu, miaka yote ile ya kusikiliza uongo wa watu, siku hiyo nilitafuta wangu na sikuupata.

"Mutoto yako, muzee. Bahati."

Akanyoosha kidole. "Na ile mufuko?"

"Sukari, muzee. Ya kilio."

"Muingize ndani. Hawa batu wamelia bure, bakunywe chai. Na iyo karatasi iko ku mukono yako?"

"Ni hotuba yetu ya rambirambi."

"Usome."

"Muzee, haifai."

"Ni ya nani? Si ni yangu? Usome nisikie."

Nikasoma. Marehemu alikuwa mutu wa amani. Akaitika kwa kichwa. Marehemu alipenda kanisa lake. Akasita kidogo, jirani mumoja akakohoa. Marehemu aliwalea watoto wake katika ukweli.

"Pale uruke," akasema Muzee.

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Halafu akaomba telefone ya Papa Déo. Bahati hakuijua namba ile, akajibu.

"Bahati. Ni papa yako. Niko ku kilio yangu, batu banakungoja weye tu."

Akarudisha telefone bila kungojea jibu.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Kijana hataki kazi. Nafasi iko wazi, na ilikuwa wazi tangu ile siku ya kwanza. Na Zawadi anaondoka kesho. Nikamuvuta shefu pembeni, nikamwambia nipige simu sasa hivi. Akanijibu kwamba bila barua hatuwezi kumuita mutu wa pili, wenye pesa wa Ulaya watatuuliza. Miye niliyeilinda sheria hiyo miaka yote nilitamani siku hiyo kuitupa mutoni. Nikakaa chini kunywa chai ya kilio, nikiangalia njia.

Bahati alifika saa nane kwa moto, pikipiki ya kukodi, uso umerukiwa na tope. Alipomuona papa yake akapiga magoti pale pale kwenye matope.

"Papa, niliona haya kubakatalia. Walinipokea muzuri sana. Niliona kusema hapana ni kukosa heshima."

"Njo maana ukaniua."

"Nilifikiri hawatakuja."

"Haya ya batu ya biro uliiona," akasema Muzee. "Yangu haukuiona."

Kijana akalia. Sikumuhurumia, nitawaambia ukweli, nilikuwa na haraka. Nikamupa karatasi na kalamu na kumwambia andika. Aliandika juu ya goti, nikimutajia:

*Ninawashukuru kwa kunichagua. Nimepata kazi mahali pengine, kwa hiyo ninajitoa katika nafasi ya mutunza depo. Naomba mumuite anayenifuata. Nawatakia kazi njema.*

Tarehe, jina, sahihi. Ndiyo barua yenyewe, vijana wangu, muiandike hivyo hivyo. Usieleze mushahara wa kule, usimusifu Mungu ukurasa muzima, usiombe musamaha mara saba, juu kupata kazi nyingine si dhambi. Upige simu siku ile ile uliyojua, kisha ulete barua. Kama umeshafanya interviu na umepata kazi kwingine, hata kama hujaambiwa umeshinda, ujitoe. Na usimuweke mutu yeyote wa familia yako ndani ya barua, muzima au mufu.

Muzee Cirhuza aliomba asomewe. Nikamusomea.

"Inaisha pale?"

"Inaisha, muzee."

"Urudilie."

Nikamusomea tena. Akaichukua ile karatasi, yeye asiyejua kusoma, akahesabu mistari kwa kidole. Ilikuwa mine. Akanirudishia, akasimama, akachukua panga lake, akarudi kwenye ndizi zake. Nilisikia baadaye kwamba alikaa miezi mitatu bila kujibu simu za mutoto wake. Majirani wakimuuliza, anasema marehemu hana telefone.

Sisi tuliteremka mbio. Ndani ya jeep nikapiga namba ya Zawadi: haipatikani. Nikapiga mpaka Bukavu. Jua lilikuwa linaelekea kushuka nilipofika mulangoni kwake nikakuta mama yake anaosha miguu ya mutoto mudogo.

"Ameenda," akaniambia. "Lori ilijaa mapema, ikatoka leo asubuhi. Alichaji telefone yake mpaka dakika ya mwisho. Alisema pengine mutapiga."

Njia ya Shabunda inapita Walungu. Sikumwambia yule mama kwamba siku nzima tulikuwa tunapisha malori, na kwamba katika moja Zawadi alikuwa ameketi juu ya mizigo. Nilimuambia tu kazi ipo. Akaniuliza ipo tangu lini. Nilimujibu ukweli, na sijawahi kuona haya kama yale, miye ninayewafundisha wengine.

Siku ya tano tangu Zawadi aondoke, telefone yangu ikalia. Alikuwa amepanda kilima fulani kutafuta mtandao, upepo ulikuwa unakula maneno yake. Nikamweleza yote: alikuwa wa pili, wa kwanza amejitoa, kazi ni yake, arudi na lori la kwanza. Sikuvuta pumzi.

"Maman, aksanti sana juu mulinichagua," akasema. "Lakini nilishatoa neno kwa mwenye depo huku, na nilishapokea funguo. Siwezi kumuachia milango. Ninajitoa. Barua nitaituma na lori ya kesho."

"Zawadi, na watoto?"

Sauti yake ikavunjika, akaitengeneza. "Watoto wako na mama yangu. Utabapitia wakati mwingine?"

Nikamuahidi. Nililia, sikuficha. Nikataka kumuomba musamaha, nikaanza, akanikata.

"Maman, kuko wa tatu?"

"Yuko."

"Anajua?"

"Hapana. Tungoje barua yako, ni sheria."

"Umupigie leo," akasema Zawadi. "Pengine naye anafunga mizigo."